Uchovu Sugu: Ugonjwa Uliosubiri Maabara kwa Miaka Sabini

Katika toleo lililopita tuligusia kwa aya mbili ugonjwa wa uchovu sugu, ambao madaktari wa nchi nyingi huuandika kwa kifupi ME/CFS, tukasema kwamba hadi leo hauna kipimo wala tiba kwa sababu haukutafitiwa vya kutosha. Barua zilizofuata zimetuonyesha kwamba aya mbili zilikuwa chache mno. Tumechagua barua sita, tumezifupisha bila kubadili maana, na tumeficha majina kwa kuwa baadhi ya waandishi wanaeleza habari za afya na ajira zao.

Daktari, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Miaka miwili iliyopita niliugua homa kali kwa wiki tatu, nikatibiwa malaria, kisha taifodi. Homa ilikwisha lakini nguvu hazikurudi. Nikifundisha vipindi viwili nimesimama, kesho yake siwezi kuinuka kitandani, kichwa kinakuwa kizito na ninasahau hata majina ya wanafunzi wangu. Vipimo vyote, vya wingi wa damu, sukari, VVU na kifua kikuu, vimetoka safi. Kazini wanasema ni uvivu, na ndugu wa mume wangu wanasema nimefanyiwa kitu. Je, huu ni ugonjwa kweli, au ni mawazo yangu tu? (Mwalimu M., Morogoro)

Marahaba, Mwalimu, na pole sana. Siwezi kukuthibitishia kwa barua kwamba una ugonjwa huu, lakini naweza kukuambia kwamba unayoyaeleza yanafanana sana nao, na kwamba ni ugonjwa kamili wa mwili. Mwaka 2015 Taasisi ya Tiba ya Marekani, baada ya kupitia maelfu ya makala za kisayansi, ilitamka kwamba ni ugonjwa mzito, wa muda mrefu, unaogusa mifumo mingi ya mwili, ikaweka vigezo vya kuutambua. Mgonjwa awe amepungukiwa sana na uwezo wake wa kawaida kwa miezi 6 au zaidi, kwa uchovu ambao kupumzika hakuuondoi. Awe anazidiwa baada ya juhudi. Awe analala na kuamka bila kuburudika. Na pamoja na hayo awe na tatizo la kumbukumbu na kufikiri, au mwili wake uwe hauwezi kustahimili kusimama.

Kati ya vigezo hivyo, kuzidiwa baada ya juhudi ndiko kunakoutofautisha ugonjwa huu na uchovu wa kila mtu. Mtu mwenye afya akifanya kazi nyingi huchoka siku hiyo hiyo, akilala huamka na nguvu. Mgonjwa wa uchovu sugu anaweza kumaliza kazi ndogo, kama kufua nguo chache au kusimamia vipindi viwili, akajiona mzima, kisha saa 24 au 48 baadaye akaanguka kwa homa, maumivu ya misuli, koo kuwasha na akili kushindwa kufanya kazi, hali inayoweza kudumu siku kadhaa au wiki kadhaa. Kwa kuwa pigo huja kwa kuchelewa, wanaomzunguka hawalihusishi na kazi ya juzi, wakamwona leo amelala bila sababu.

Kuhusu vipimo vilivyotoka safi, ni vyema kuelewa kwamba kila kipimo hujibu swali moja tu. Ulipopimwa wingi wa damu, sukari, VVU na kifua kikuu, uliambiwa kwamba magonjwa hayo huna, jambo jema. Ugonjwa wa uchovu sugu wenyewe haukuulizwa, kwa sababu hakuna kipimo cha kuuliza. Hakikisheni, wewe na daktari wako, kwamba tezi ya thairoidi, figo, ini na homa ya brusela vimeangaliwa pia, na kwamba sonona imezungumzwa kwa uwazi, kwani yote hayo huleta uchovu na yana tiba. Yakishaondolewa, mwombe daktari akuandikie barua ya kazini inayotaja kwamba kusimama kwa muda mrefu kunakudhuru. Wakati huo huo jifunze kukoma kabla ya kuchoka, hata siku unayojiona una nguvu, maana siku hiyo ndiyo wagonjwa wengi hujiumiza.

Mmeandika kwamba ugonjwa huu unajulikana tangu mwaka 1955. Mimi ni muuguzi, na katika mafunzo yangu yote sikuusikia hata mara moja. Inawezekanaje ugonjwa ujulikane kwa miaka sabini na bado chanzo chake kisijulikane? (Muuguzi, Mombasa)

Muuguzi, jibu fupi ni kwamba ugonjwa huu uliamuliwa kabla haujachunguzwa, na uamuzi huo ukawa sababu ya kutouchunguza. Jibu refu linakuhusu wewe hasa, kwa kuwa walioumwa wengi katika kisa cha mwaka 1955 walikuwa wa fani yako.

Mwezi Julai 1955 daktari mmoja na muuguzi mmoja wa Hospitali ya Royal Free, London, waliugua ghafla, na katika siku chache wakafuatwa na wenzao hata hospitali ikalazimika kufungwa mpaka Oktoba. Wafanyakazi 292 waliumwa, ilhali kati ya wagonjwa waliokuwa wamelazwa ni 12 tu walioshikwa. Walikuwa na homa, koo linalouma, tezi zilizovimba, maumivu makali ya misuli na dalili za mishipa ya fahamu, na baadhi yao hawakurudi tena katika hali yao ya kwanza. Dk. Melvin Ramsay, bingwa wa magonjwa ya kuambukiza wa hospitali hiyo, aliendelea kuwafuatilia wagonjwa wa namna hii mpaka uzeeni. Milipuko yenye sura ile ile ilikuwa imekwisha kuonekana Los Angeles mwaka 1934 na Akureyri, Iceland, mwaka 1948. Mwaka 1969 Shirika la Afya Duniani liliuorodhesha ugonjwa huu miongoni mwa magonjwa ya mfumo wa neva.

Mwaka uliofuata, 1970, madaktari wawili wa magonjwa ya akili, McEvedy na Beard, walichapisha makala katika jarida la madaktari wa Uingereza wakidai kwamba yaliyotokea Royal Free yalikuwa mshtuko wa kihisia wa kundi, aina ile ile ya maelezo tunayoyasikia hapa kwetu wasichana wa shule wanapoanguka kwa pamoja. Madaktari hao walisoma mafaili ya miaka kumi na mitano nyuma, hawakuwachunguza wagonjwa wenyewe, na mojawapo ya hoja zao ilikuwa kwamba wanawake walioumwa walikuwa wengi kuliko wanaume. Nadhani wewe unayefanya kazi wodini unajua ni wagonjwa wangapi, hasa wa kike, wameandikiwa mambo ya namna hiyo kwenye mafaili yao na mtu ambaye hakuwagusa. Magazeti yaliipokea makala hiyo, vitabu vya mafunzo vikafuata, na kwa muda mrefu aliyetaka fedha za kutafuta virusi au hitilafu ya kinga kwa wagonjwa hawa alilazimika kwanza kuthibitisha kwamba wanaumwa.

Marekani nako mambo hayakuwa mema zaidi. Katikati ya miaka ya 1980 mlipuko ulitokea Incline Village, mji mdogo kando ya Ziwa Tahoe, na mwaka 1988 Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha nchi hiyo kikasimamia utoaji wa jina la uchovu sugu, jina linalotaja dalili moja iliyo nyepesi kudharauliwa na kuacha nyingine zote. Bunge lilitenga fedha za utafiti. Mwaka 1999 mkaguzi wa serikali alibaini kwamba kati ya dola milioni 22.7 ambazo Kituo hicho kilidai kuzitumia kwa ugonjwa huu kuanzia 1995 hadi 1998, zilizotumika kweli kwa kazi hiyo zilikuwa milioni 9.8. Dola milioni 8.8 zilipelekwa kwenye shughuli nyingine, na milioni 4.1 hazikuweza kuelezwa.

Hata baada ya hapo, Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilitumia kiasi cha dola milioni 5 tu kwa ugonjwa huu katika mwaka mzima wa 2014, ilhali wagonjwa katika nchi hiyo walikadiriwa kuwa kati ya 836,000 na milioni 2.5. Fedha zilipanda kufikia milioni 15 hivi mwaka 2017. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2020 ulilinganisha mzigo wa ugonjwa huu na wa magonjwa mengine, ukaona kwamba ili upate haki yake bajeti ingepaswa kuongezwa mara 14. Kijana mtafiti anayeanza kazi akitazama hesabu hizo huchagua ugonjwa mwingine, na mimi siwezi kumlaumu. Matokeo yake ni kwamba watafiti ni wachache, uthibitisho unakuwa mchache, kisha uchache huo wa uthibitisho unarudishwa mezani kuwa sababu ya kunyima fedha tena.

Assalamu alaykum. Ninaishi Leicester, Uingereza. Binti yangu aliugua akiwa na miaka 14 baada ya homa ya tezi. Kliniki moja ilimpa ratiba ya mazoezi ya kuongezwa kila wiki, tukaambiwa kwamba utafiti mkubwa umethibitisha manufaa yake. Alipoanza alikuwa anakwenda shule nusu siku. Alipomaliza hakuweza kupanda ngazi za nyumbani. Sasa tunaambiwa mazoezi hayo yameondolewa kwenye mwongozo. Utafiti mkubwa unawezaje kuwaelekeza watu vibaya namna hii? (Mama wa binti mgonjwa)

Waalaykum salaam, Mama. Utafiti uliotajiwa bila shaka ni ule ulioitwa PACE, uliochapishwa mwaka 2011, ukihusisha wagonjwa 641 na kugharimu takriban pauni milioni 5. Ulidai kwamba mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua, pamoja na tiba ya mazungumzo ya kurekebisha fikra na mienendo, huwapa wagonjwa nafuu na wengine huwaponya. Msingi wake ulikuwa dhana kwamba mwili wa mgonjwa hauna hitilafu inayoendelea, bali umelegea kwa kutotumika na kwa woga wa kujishughulisha.

Kasoro zake zinafaa kuelezwa kwa utaratibu, kwa kuwa zinaonyesha ni utafiti wa namna gani tunaouhitaji na wa namna gani hautufai. Kwanza, wagonjwa walichaguliwa kwa vigezo vya Oxford vya mwaka 1991, ambavyo msingi wake ni uchovu wa miezi 6 bila kulazimisha ile dalili ya kuzidiwa baada ya juhudi, hivyo watu wenye magonjwa mbalimbali wangeweza kuingizwa pamoja. Pili, kipimo kikuu kilikuwa majibu ya wagonjwa wenyewe kwenye dodoso, huku kila mmoja akijua ametibiwa kwa njia gani na akiwa ameambiwa kwamba njia hiyo inafaa. Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, vigezo vya kupona vilibadilishwa baada ya jaribio kuanza. Mtu aliingizwa kama mgonjwa ikiwa alama zake za uwezo wa mwili, kati ya 100, zilikuwa 65 au chini, kisha katika kigezo hicho kimoja akahesabiwa kuwa amefikia kiwango cha kupona akiwa na alama 60. Mgonjwa aliweza kushuka na bado akavuka mstari huo.

Wagonjwa waliligundua hilo wenyewe, wengine wakiwa vitandani. Mmoja wao, raia wa Australia, aliomba takwimu ghafi kwa kutumia sheria ya uhuru wa habari ya Uingereza, chuo husika kikakataa, na mwezi Agosti 2016 baraza la rufaa likaamuru zitolewe. Zilipochambuliwa upya kwa vigezo vya awali, tofauti ya kupona kati ya makundi haikuwa na uzito wa kitakwimu. Mwezi Oktoba 2021 taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, NICE, iliondoa mazoezi ya kuongezwa kwa kiwango kilichopangwa, baada ya kuona kwamba uthibitisho uliokuwapo ulikuwa wa ubora wa chini au wa chini sana.

Binti yako hakushindwa mazoezi, Mama, na wewe hukukosea kuwaamini wataalamu. Jambo ninalotaka ulishike ni kwamba pauni milioni 5 zilitumika kupima dhana kuhusu fikra za wagonjwa katika nchi ambayo wakati huo ilikuwa haijatumia kiasi kinachokaribia hicho kuchunguza vinasaba vyao. Mwombe daktari wenu wa familia amwelekeze kwenye huduma inayofuata mwongozo wa 2021, na mbebe nakala yake mkononi, kwani si kila kliniki imebadilika.

Mimi ni mtaalamu wa maabara. Naomba mtueleze bila kuzunguka: ni kitu gani ambacho kimewahi kuonekana na kupimwa katika miili ya wagonjwa hawa? (Arusha)

Nimeifurahia barua hii, kwa kuwa inauliza swali ambalo lingepaswa kuulizwa mwaka 1955.

Kipimo kinachoshawishi zaidi hufanywa kwa baiskeli ya mazoezi na barakoa inayopima hewa, kwa siku mbili mfululizo. Mtu mwenye afya, hata asiyezoea mazoezi, siku ya pili hutoa matokeo yanayokaribiana na ya siku ya kwanza. Katika tafiti kadhaa wagonjwa wa uchovu sugu wameonyesha kushuka siku ya pili, hasa katika kiwango cha kazi ambacho mwili unaweza kukifanya kabla ya kuanza kuzalisha nguvu bila oksijeni ya kutosha. Ulegevu wa kutofanya mazoezi hauelezi mtu kushuka ndani ya saa 24. Tatizo ni kwamba kipimo chenyewe humwumiza mgonjwa, hivyo waliozidiwa zaidi hawawezi kupimwa.

Nchini Uholanzi, watafiti waliwapima wagonjwa 429 kwa mawimbi ya sauti shingoni, wakiwa wamelazwa kwenye kitanda kinachoinuliwa taratibu. Damu iendayo kwenye ubongo ilipungua kwa wastani wa asilimia 26 kwa wagonjwa na asilimia 7 kwa watu wenye afya. Mwalimu wa Morogoro, ambaye akili inamgomea akisimama darasani, huenda akajiona katika tarakimu hizo. Tafiti nyingine zimeonyesha hitilafu katika seli za kinga na katika mitokondria, yaani sehemu za seli zinazozalisha nguvu, lakini nyingi zilifanywa kwa sampuli ndogo na hazijarudiwa na maabara nyingine, hivyo sitazitaja kama jambo lililothibitika.

Upande wa vinasaba, mradi wa DecodeME unaoongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Edinburgh, uliofadhiliwa kwa pauni milioni 3.2, ulikusanya mate ya wagonjwa kwa njia ya posta, na mwezi Agosti 2025 ukatoa matokeo ya awali ya watu 15,579 wenye ugonjwa, waliolinganishwa na watu 259,909 wasio nao. Maeneo manane ya jenomu, yaani jumla ya vinasaba vya mtu, yalionekana kutofautiana, baadhi yakiwa na jeni zinazohusika na kinga dhidi ya maambukizi na nyingine na mfumo wa neva. Tofauti hizo ni ndogo kwa mtu mmoja mmoja na hazitoshi kuwa kipimo, lakini mtu huzaliwa na vinasaba vyake, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba vimeletwa na kulala kitandani au na hofu.

Kwa upande mwingine kuna mafunzo machungu. Mwaka 2009 jarida la Science lilichapisha habari za virusi vya XMRV katika damu ya wagonjwa. Ikabainika kuwa ni uchafuzi wa maabara, na makala ikaondolewa mwaka 2011. Nchini Norway dawa ya rituximab ilionekana kuwasaidia wagonjwa 30 wa mwanzo, lakini jaribio la watu 151 lililochapishwa mwaka 2019, ambalo mgonjwa wala daktari hawakujua nani amepewa dawa na nani maji tu, halikuonyesha tofauti yoyote. Mimi ninaliheshimu sana jaribio hilo la Norway, kwa sababu wenyewe walioleta tumaini ndio waliolipima kwa ukali na kutangaza kwamba halikutimia. Utafiti wa kina uliofanywa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, uliotangazwa kwa shangwe na kuchapishwa mwaka 2024, uliishia kuwa na wagonjwa 17 tu. Huwezi kujenga tiba ya mamilioni ya watu juu ya wagonjwa 17, na wale wasioweza kutoka kitandani, ambao huenda ndio wenye majibu mengi zaidi katika damu yao, hawakuweza hata kufika.

Kuna mtu anauza vidonge mtandaoni kwa shilingi laki tatu, anasema vinatibu uchovu sugu ndani ya siku 21. Dada yangu anataka kukopa ili anunue. Mnashaurije? (Kijana, Dar es Salaam)

Asikope. Hakuna dawa yoyote iliyothibitika kuuponya ugonjwa huu, na anayedai kuwa nayo angetakiwa kuonyesha jaribio kama lile la Norway. Daktari anaweza kumsaidia dada yako kwa dawa za kawaida za maumivu, za usingizi, au za mapigo ya moyo anaposimama, na hizo si za laki tatu.

Nasoma habari zenu kwa heshima, lakini nauliza kwa dhati. Mimi ni tabibu katika kituo cha afya ambako wakati mwingine hata vipimo vya malaria vinakwisha. Tuna kifua kikuu, VVU, watoto wenye utapiamlo. Kwa nini nchi zetu zitafute chanzo cha uchovu? (Tabibu, Kigoma)

Tabibu, swali lako ni la haki, na sitalijibu kwa kusema kwamba ugonjwa mmoja una thamani kuliko mwingine. Nitakujibu kwa kuanzia na homa, kwa kuwa homa ndiyo kazi yako ya kila siku.

Nchini Australia, katika wilaya ya Dubbo, watafiti waliwafuata watu 253 kuanzia siku walizougua maambukizi ya aina tatu: virusi vya Epstein-Barr vinavyoleta homa ya tezi, virusi vya Ross River vinavyoenezwa na mbu, na homa ya Q inayotokana na mifugo. Baada ya miezi 6, asilimia 11 walikuwa wametimiza vigezo vya uchovu sugu, na kiwango kilikaribiana kwa maambukizi yote matatu ijapokuwa vimelea vyenyewe havifanani hata kidogo. Kilichotabiri nani atabaki mgonjwa kilikuwa ukali wa ugonjwa wa mwanzo. Hali ya kisaikolojia ya mtu kabla ya kuugua haikutabiri.

Sasa tazama kwetu. Katika hospitali mbili za Moshi, mwaka 2007 na 2008, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa walichunguzwa kwa makini. Madaktari walikuwa wamewaandikia malaria asilimia 60.7 kati yao. Waliokuwa na malaria kweli walikuwa asilimia 1.6. Miongoni mwa 482 waliopimwa damu mara mbili, asilimia 5 walikuwa na homa ya Q, ile ile ya Dubbo, na hakuna aliyetambuliwa hivyo alipolazwa. Chikungunya, iliyotambuliwa kwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika mwaka 1952, iliitikisa Lamu mwaka 2004, na inajulikana kuwaachia watu maumivu na uchovu wa miezi mingi. Je, ni wangapi kati ya watu hao walirudi nyumbani na dawa ya malaria, homa ikaisha, kisha wakaishi kama Mwalimu wa Morogoro? Hakuna aliyewafuata, na ndiyo maana ugonjwa unaonekana kama haupo.

Kuna sababu nyingine, na hii ni ya kisayansi zaidi. Katika Ulaya na Marekani, virusi vya Epstein-Barr huwapata vijana wengi wakiwa wamekwisha kukua, vikawaletea homa ya tezi, na baadhi yao wakabaki na uchovu sugu, kama binti wa Leicester. Kwetu karibu kila mtoto huvipata akiwa mdogo sana bila kuonyesha dalili. Kwa hiyo vichocheo vya ugonjwa huu hapa vinaweza kuwa vingine kabisa, na majibu yatakayopatikana Edinburgh hayatatutosha. Nasema hivi nikikumbuka kwamba virusi hivyo vyenyewe viligunduliwa kwa msaada wa Afrika Mashariki. Daktari Denis Burkitt, akifanya kazi Mulago, Kampala, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya za watoto. Sampuli zikasafirishwa kwa ndege hadi London, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakaviona virusi hivyo kwa darubini ya elektroni. Mwaka 2022 watafiti wa Harvard, wakitumia damu iliyohifadhiwa na jeshi la Marekani ya askari zaidi ya milioni 10, walionyesha kwamba maambukizi ya virusi hivyo huongeza mara 32 uwezekano wa kupata ugonjwa wa neva uitwao skilerosisi anuwai. Swali lililokuwa limewashinda wanasayansi kwa miongo lilijibiwa kwa sababu kuna mtu aliyehifadhi damu kabla watu hawajaugua.

Uviko-19 nao umeongeza idadi, kwa kuwa sehemu ya walioachwa na madhara ya muda mrefu wanatimiza vigezo vile vile vya uchovu sugu. Marekani ilitenga dola bilioni 1.15 kwa ajili ya madhara hayo. Nchi zetu haziwezi kufanya hivyo, wala sipendekezi kwamba vipimo vya malaria vya kituo chako vipunguzwe ili kununua mashine za jenomu. Ninachopendekeza kinaweza kuanzia kwenye kazi inayofanyika tayari. Vituo vya utafiti vya Kilimanjaro, Ifakara, Kilifi na Entebbe vimekuwa vikikusanya damu za wagonjwa wa homa kwa ajili ya tafiti nyingine. Wagonjwa hao wapigiwe simu baada ya miezi 6 na baada ya miezi 12, waulizwe maswali machache: kama wamerudi kazini au shambani, kama wanazidiwa kesho yake baada ya kazi, kama wanaweza kusimama. Atakayejibu kwamba hajapona atembelewe nyumbani na kutolewa damu ya pili, iwekwe kwenye friji kando ya ile ya siku ya homa, pamoja na damu ya jirani yake wa umri na jinsia ile ile aliyeugua homa hiyo hiyo akapona.